Kilo Sitini na Mbili

Gitaa lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari uleule, juu ya redio ya mbao, sebuleni kwa mjomba wangu mtaa wa Isevya mjini Tabora, na nyuzi zake mbili kati ya sita zilikuwa zimekatika. Nililitundika mwenyewe miaka 17 kabla ya hapo, asubuhi niliyopanda basi kwenda Urambo kuanza kazi ya ukarani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, nikamwahidi mjomba kwamba ningelifuata msimu wa ununuzi utakapokwisha. Nililifuata jioni moja ya Novemba mwaka 2018, mkataba wangu ulipokwisha, nikiwa na seti mpya ya nyuzi mfukoni na daftari lenye beti tatu ambazo sikuwa nimemwimbia mtu yeyote.

Mjomba ndiye aliyeniingiza katika muziki wa kantri. Alikuwa gadi wa treni katika Reli ya Kati, na kwa kuwa Tabora ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ile ya Kigoma, maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya kuondoka na kurudi. Siku za Jumapili alipokuwa nyumbani alipiga santuri za Jim Reeves, Mmarekani aliyefariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964 akiwa na umri wa miaka 40, na ambaye sauti yake ya chini, iliyoimbwa mdomo ukikaribia kuigusa maikrofoni, ilipendwa sana na wazee wa rika la mjomba. Lakini aliyempenda zaidi ni Jimmie Rodgers, ambaye kabla ya kurekodi nyimbo zake za kwanza mwaka 1927 alikuwa mfunga breki wa treni. Mjomba alilitaja jambo hilo kwa heshima, kama mtu anayemtaja mfanyakazi mwenzake wa stesheni ya mbali.

Nilianza kutunga nikiwa na miaka 20, kwa Kiswahili, kwa gitaa la galatoni, lisilotumia umeme, na kodi tatu, yaani mipangilio mitatu ya vidole kwenye nyuzi. Nyimbo zangu za wakati ule zilikuwa na kasoro mbili, na nilikuja kuzielewa baada ya kukaa mbali nazo kwa muda mrefu. Kwanza, niliimba habari za wapanda farasi na nyika zenye theluji, mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Pili, niliyalazimisha maneno yakae katika tuni zisizoyafaa. Mstari wa kantri wa Kiingereza mara nyingi huishia kwa neno la silabi moja, na noti ndefu ya mwisho huangukia hapo kwa uzito wote. Neno la Kiswahili lina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mimi nilipoivuta silabi ya mwisho ya neno kama “nyumbani”, nililipindua, na msikilizaji alisikia neno lisilo la kwao. Mjomba aliniambia hivyo zamani zile. “Mbona unayavuta maneno mkia?” aliniuliza, nami nikadhani hakuielewa kantri.

Miaka ya Urambo sitaieleza yote. Urambo ni nchi ya tumbaku tangu miaka ya 1950, baada ya mpango wa Waingereza wa kilimo cha karanga kushindwa, na kazi ya karani wa mizani huko ni kusoma na kuandika: robota, yaani furushi la tumbaku lililofungwa, linapandishwa kwenye mizani, unausoma uzito kwa sauti ili mkulima na mnunuzi wote wasikie, unauandika kitabuni pamoja na daraja, kisha linaletwa lingine. Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu na sijutii kuifanya. Gitaa sikuligusa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba utunzi ulikuwa umeniacha.

Katika msimu wangu wa sita alikuja mama mmoja mjane na robota moja tu. Tumbaku yake ilikuwa imesubiri ghalani majuma kadhaa kwa sababu wanunuzi walichelewa, na jani lililokaushwa banini, yaani katika kibanda cha kukaushia tumbaku, hupoteza uzito kila hewa inavyozidi kuwa kavu, kama vile linavyouongeza hewa ikiwa na unyevu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake: makato ya mkopo wa pembejeo, ada ya mtoto wa sekondari, bati za nyumba. Nikasoma, “Kilo sitini na mbili.” Akakaa kimya, akaitazama mizani, kisha akaniambia kwa sauti ya upole, “Isome tena, mwanangu.” Nikaisoma tena. Haikuwa imebadilika, na nyuma yake foleni ilikuwa ndefu.

Habari hiyo ndiyo iliyokuwa katika beti zangu tatu. Niliziandika katika majuma ya mwisho ya mkataba, usiku, na zilikuja kwa shida, maana kila nilipojaribu kuyapamba maneno ya yule mama yalipoteza nguvu yake.

Tulibadilisha nyuzi pamoja, mjomba akilishika gitaa magotini nami nikikaza vifunguo, na nilipolipatanisha nikaimba ubeti wa kwanza. Vidole vilikuwa laini na viliuma. Mjomba hakusema neno, ila niliona mkono wake wa kulia ukihesabu juu ya goti, kidole baada ya kidole, kama alivyofanya zamani aliposikiliza mashairi redioni. Akaniomba niurudie ule mstari wa mizani peke yake, bila gitaa.

“Kilo sitini na mbili, isome tena, mwanangu.”

“Nane na nane,” akasema. “Huo ni mstari wa shairi uliotimia. Uliutunga wewe?”

Nilimjibu kwamba sikuutunga. Nusu ya kwanza niliisoma mimi kwenye mizani na nusu ya pili aliisema yule mama, na nilikuwa nimeiweka wimboni kama ilivyosemwa. Nilihesabu mwenyewe, nikaona kweli ni mizani 16, yaani silabi 16, zikiwa zimegawanyika katikati kama vipande viwili vya shairi la kwetu, na kwamba mkazo wa “mbili” na wa “mwanangu” ulikuwa umejipanga pale pale tuni ilipotaka kupumzika, silabi ya mwisho ikiteremka yenyewe kwa wepesi. Siku ile sokoni, mbele ya watu wote wale, mstari ulikuwa umekwisha kutungwa, nami nikauandika kitabuni kama tarakimu. Sidhani kama nimewahi kusikia furaha na huzuni kwa pamoja kama nilivyosikia wakati ule.

Niliimba mpaka mwisho, safari hii noti ndefu nikiiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika kila mstari. Mke wa mjomba alikuwa ameingia na chai, akasimama mlangoni na sinia mikononi hadi nilipomaliza. Katika ubeti wa tatu karani anaombwa asome tena, naye anasoma kilo 70, na mama anakwenda zake akishukuru. Nilikuwa nimeuandika hivyo kwa sababu nilitamani sana iwe hivyo, na kwa sababu niliona wimbo unastahili kumpa yule mama kile ambacho soko halikumpa.

Mjomba aliliomba daftari, akavaa miwani yake, akausoma ubeti ule polepole.

“Alipokuambia usome tena, ulimwongezea?”

“Hapana, Mjomba. Sikuwa na uwezo huo.”

“Basi na hapa usimwongezee, mpwa wangu. Yeye mwenyewe akiusikia wimbo huu atajua.”

Akanirudishia daftari na kalamu. Nikaukata mstari wa kilo 70, na juu yake, kwa mwandiko ule ule wa kitabu cha mizani, nikaandika kilo sitini na mbili.