Miezi minane kwenye simuleta, kisha BMW ya Mzee

Mkono wangu wa kulia uligonga mlango. Nilikuwa najifunza drift, yaani kuitelezesha nyuma ya gari kwenye kona kwa makusudi. Kona ilikuwa imefika, kasi iko sawa, nikaupeleka mkono kuvuta breki ya mkono, ukakutana na kishikio cha kufungulia dirisha. Breki yenyewe ilikuwa kushoto kwangu, kando ya gia, mahali inapokaa katika karibu kila gari la Kenya. BMW ikanyooka kama haikusikia kitu, ikapitia koni mbili na kuburuta moja hadi mwisho wa uwanja.

Mzee, mwenye gari, alikuwa kiti cha abiria. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kijana, ulikuwa unataka kushuka?"

Chanzo cha aibu hiyo kilikuwa chumbani kwangu Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu. Nilinunua usukani wa mtumba wa Logitech G27, ule unaozunguka nyuzi 900 na unaokuja na pedali tatu pamoja na fimbo ya gia. Nikaufunga kwenye meza ya kusomea, nikaweka Assetto Corsa, simuleta yenyewe, yaani mchezo unaoiga uendeshaji wa gari la kweli, kwenye kompyuta, nikaanza kufukuza moshi wa matairi usiku kucha. Meno yaliyo ndani ya G27 hugongana kila usukani unapopigana na mikono, kelele ya posho mill kabisa. Jirani wa chini alikuwa na mpini wa ufagio mahususi kwa ajili yangu.

G27 haina breki ya mkono. Unaweza kutumia kitufe, lakini kitufe hakijui nusu: ama umefunga magurudumu yote ya nyuma au hujagusa kitu. Kwa hiyo nikaenda Kamukunji, fundi wa jua kali akanichomelea fimbo yenye springi. Luthuli Avenue nikapata kile kidude cha kuongezea sauti ya redio na kibao kidogo cha saketi. Ukivuta fimbo, kidude kinazunguka, kompyuta inasoma umevuta kiasi gani. Kazi safi. Kosa ni kwamba niliipachika fimbo upande wa kulia pamoja na gia, kwa kuwa video zote nilizokuwa nikiiga zilitoka nchi ambazo dereva hukaa kushoto. Miezi minane niliufundisha mkono ambao sitautumia.

Mzee nilimpata kupitia binamu yangu, ambaye hupeleka gari gereji kwake. Ana BMW E36 318i ya gia za kawaida, mgongo umepauka kwa jua, difu imechomelewa. Kwa asiyejua: difu ya kawaida huruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na gari likianza kuteleza, lile lisilo na uzito ndilo linalozunguka bure huku jingine likikaa. Ukiichomelea, yote mawili yanazunguka pamoja. Ndiyo maana gari hilo hulia kwiii kwiii hata likigeuzwa polepole langoni.

Tulikuwa uwanja mpana wa kuegesha magari upande wa Thika Road, kwa ruhusa ya wenyewe, Jumapili asubuhi. Mitaani sijafanya na sitafanya; wale wa saa nane usiku kwenye mizunguko wameshazika marafiki.

Mzunguko wa pili nilikumbuka mkono wa kushoto. Nikavuta. Magurudumu ya nyuma yakafunga kama yalivyotakiwa, na injini ikazima. Kimya. Usukani ukawa mzito kama wa lori kwa sababu pampu inayousaidia inaendeshwa na injini hiyohiyo, tukateleza taratibu hadi tukasimama tukitazama tulikotoka.

Hapo simuleta ilikuwa imenidanganya, au tuseme nilijidanganya mwenyewe. Magurudumu ya nyuma yakifungwa huku gia imeingia, lazima ukanyage klachi, la sivyo injini nayo inafungwa. Nilijua hilo kwa maneno. Lakini katika mipangilio ya mchezo nilikuwa nimeacha klachi ya kujiendesha, nikasema nitaizima nikizoea. Nikazoea, sikuizima. Ukitaka kuchukua kitu kutoka kwenye simuleta ukakipeleka barabarani, zima kila msaada siku ya kwanza, hata kama utagonga ukuta wiki nzima.

Kitu kingine ni nguvu. Kwenye kompyuta nilizoea M3 E92, gari ambalo hutoka kiwandani na nguvu farasi 420. Ukiwa nalo hufikirii sana: kanyaga mafuta, nyuma inapita. 318i ile ilizaliwa na farasi 115 hivi, na hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 kwa kila mita 100. Piga hesabu mwenyewe. Nilikanyaga mafuta hadi chini katikati ya kona nikangoja muujiza, gari likakohoa na kuendelea na safari zake. Ikabidi tumwage maji kwenye lami kwa mitungi ya lita 20, na Mzee akanionyesha kuipiga klachi teke: unaikanyaga na kuiachia ghafla huku injini ikiwa juu, ule mshtuko ndio unaoyavunja matairi ya nyuma yaachie lami.

Sasa, je, miezi minane ilipotea? Hapana, na hapa ndipo nilipomshangaza Mzee.

Tulipofika kwenye duara la maji, gari likaanza kuteleza, nikauachia usukani. Sikuung'ang'ania. Nyuma ya gari ikipita, magurudumu ya mbele yenyewe hutaka kuelekea gari linakokwenda, kwa jinsi yalivyoinamishwa kiwandani, na usukani hujizungusha upande wa pili. Mtu mgeni huushika kwa hofu akauzuia. Mimi nilikuwa nimeuachia mara elfu pale mezani. Ulipita viganjani, mshono wa ngozi ukinikwaruza kidole gumba, nikaudaka ulipokuwa umezunguka vya kutosha. Macho nayo yalikuwa mahali pake: yalitazama kupitia dirisha la pembeni, kule ninakotaka kwenda, wala si boneti. Mzee alisema wanafunzi wengi humchukua siku mbili tatu kuwaondoa macho kwenye boneti.

Lakini bado nilikuwa nazunguka. Kila mara. Nusu duara safi, kisha nyuma inanipita na tunaishia tukitazama geti. Mara ya tano Mzee akaniambia nizime injini.

"Unasubiri nini kabla ya kurudisha usukani?"

"Nasubiri nione pua inaanza kugeuka, Mzee."

"Ukishaiona, imeshaenda. Weka mkono hapa." Akapiga kiti chini ya paja langu. "Hapa ndipo linapokwambia."

Nikaelewa mara moja, ingawa mwili ulichukua muda. Kwenye simuleta kiti hakisogei. Habari zote huja kupitia macho na kidogo kupitia usukani, kwa hiyo ubongo wangu ulikuwa umejenga mazoea ya kungoja picha. Kwenye gari la kweli kiuno na tumbo hupata habari kabla ya macho: nyuma ikianza tu kulegea, kuna kama kuelea hivi, kiti kinakuacha kidogo upande mmoja. Mimi nilikuwa napokea barua ambayo ujumbe wake ulishafika kwa simu.

Akanifanyisha zoezi moja. Polepole, gia ya kwanza, kwenye maji, niyatoe macho mbali kabisa na gari, kwenye nguzo ya taa, na kila ninapohisi kuelea niseme "sasa" kwa sauti. Hakutaka nirekebishe chochote, niseme tu. Mwanzoni "sasa" yangu ilitoka gari likiwa limeshageuka. Baada ya nusu saa ikawa inatoka kabla. Akaniruhusu mikono ifuate.

Duara kamili la kwanza lilikuja karibu saa sita mchana, na la pili mara tu baada yake, moshi na mvuke vikiingia ndani pamoja na harufu ya mpira. Sikumbuki nilichofanya na mafuta. Nakumbuka mguu ulikuwa ukicheza kwa milimita, juu chini, na huo mchezo wa mguu nilitoka nao nyumbani. Tairi mbili za mtumba za Kirinyaga Road zilikwisha siku hiyo. Kwenye kompyuta ningebonyeza kitufe kimoja nikapata mpya. Mfukoni nilihisi tofauti.

Watu hupenda kumtaja Jann Mardenborough wa Uingereza, aliyeshinda GT Academy, shindano la kuwageuza wachezaji wa mchezo wa video kuwa madereva wa mbio, mwaka 2011, na mwaka 2013 akamaliza wa tatu katika LMP2, mojawapo ya makundi ya magari kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Ni kweli tupu. Ila baada ya ushindi ule alipewa mafunzo ndani ya magari ya kweli, na sehemu hiyo ya hadithi huwa haitajwi kwenye vijiwe vyetu.

Niliporudi Umoja nilihamishia breki na gia kushoto, nikazima klachi ya kujiendesha, na wiki mbili baadaye Mzee akaja kuona "hilo jiko lako la usukani". Nikamwekea gari dogo, uwanja mtupu, maji hakuna. Akakaa, akasogeza kiti, akarekebisha kioo cha pembeni ambacho hakipo. Akaingia kona ya kwanza vizuri kabisa. Akazunguka. Akajaribu tena, akazunguka tena. Mara ya sita akauachia usukani, akageuka kukitazama kile kiti cha plastiki alichokalia.

"Hiki kitu," akasema, "kimekufa ganzi."

Chini, mpini wa ufagio ukaanza.