Siku mawingu yalipoficha saa yetu

Kuna mtoto nilimfundisha darasa la tatu ambaye kwa siku moja alikuwa anaweza kuniuliza saa hata mara 20. "Mwalimu, saa ngapi?" Namjibu, anakaa, dakika 5 hazijaisha mkono uko juu tena. Ikifika mchana tumbo linaanza. Anajikunja juu ya dawati, jasho limemtoka puani, mara aombe maji mara aombe kwenda chooni, na wenzake walishazoea, wanampisha tu apite.

Mama yake ndo aliniambia kilichotokea. Kuna siku, kabla hajaja darasani kwangu, alichelewa sana kumfuata, mtoto akabaki getini na mlinzi mpaka giza likaingia, na tangu siku hiyo ikawa ndo hivyo. Na lile tumbo lilikuwa linauma kweli, naomba hili lieleweke. Wapo watu wazima wakisikia mtoto analalamika tumbo kila siku wanasema anadeka, anakwepa hesabu, kumbe tumbo na ubongo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu, wasiwasi ukipanda tumbo nalo linakaza, mtoto hajatunga chochote hapo. Mimi mwenyewe nilimkosea. Nilimwambia "usijali, mama atakuja" mpaka maneno yakaisha ladha, alafu nikajiambia labda kinachomsumbua ni kuitazama saa ya ukutani, nikaishusha. Wiki ile alilia siku 3 mfululizo. Ile saa ndo alikuwa anajishikilia nayo, na mimi nikamnyang'anya.

Saa ya jua haikuanza kwa ajili yake, ilikuwa mada ya sayansi, mwanga na kivuli. Tulichomeka fimbo wima uwanjani, kila saa kundi moja linatoka na jiwe lililopakwa rangi, lina namba, wanaliweka pale ncha ya kivuli inapoishia. Asubuhi kivuli kirefu, kinafupika taratibu, mchana kinakuwa kifupi kuliko vyote, kisha kinaanza kurefuka upande wa pili. Siku ya pili yake nikamkuta yule mtoto amechuchumaa peke yake karibu na jiwe la 9, ile saa ya kwenda nyumbani, anapima ardhi kwa kiganja. "Bado shibiri 2," akasema, wala hakuwa anaongea na mimi. Akanyanyuka, akajipangusa magoti, akarudi darasani kumalizia hesabu zake.

Maswali ya saa yakapungua. Akitaka kujua anaomba ruhusa, anachungulia mlangoni, anarudi. Mwenzangu mmoja alilalamika watoto wangu wanatoka toka nje sana, nikamwambia huyu mmoja ana sababu, mwache.

Na ni yeye aliyegundua mawe yameanza kusema uongo. Ilishapita kama miezi miwili, akaja kuniambia kivuli hakipiti tena juu ya jiwe la 9 kwa saa ileile, na kweli tulipokwenda na saa ya mkononi tukakuta hivyo. Ikabidi nikasome kwanza, sina aibu kusema. Njia ya jua angani inabadilika kadiri mwaka unavyokwenda, kwa hiyo fimbo wima ukiiwekea alama leo, baada ya wiki kadhaa alama zinapotea njia. Dawa yake ni kuilaza fimbo ielekee ncha ya anga, yaani ule mwelekeo wa mhimili ambao dunia inauzunguka, na pembe yake na ardhi iwe sawa na latitudo ya mahali mlipo, yaani digrii mlizo mbali na ikweta. Ukifanya hivyo kivuli cha saa fulani kinaangukia mstari uleule mwaka mzima, ila saa ya jua na ya mkononi bado zinaachana kidogo, mwanzoni mwa Novemba jua linatangulia kama dakika 16 hivi. Tuliilaza, tukapanga mawe upya, yeye ndo akashika jiwe la 9.

Sasa siku yenyewe ninayotaka kusimulia. Tuliamka na mawingu mazito, mwanga upo lakini kivuli hakuna hata cha mtu. Nilimwona mapumziko ya asubuhi amesimama pale kwenye fimbo, mikono imening'inia, anaangalia chini. Alivyorudi ndani midomo imekauka, anapumua juujuu. Nikajua kabla ya mchana tumbo litakuwa limeshafika.

Nilikuwa nimeandaa kipindi cha sarufi. Nikakiacha. Nikauliza darasa, zamani watu walijuaje saa usiku au jua likijificha? Majibu yakamiminika, jogoo, nyota, njaa, mmoja akasema maji lakini hakuweza kuelezea. Nikawaambia yupo sahihi, Misri ya kale walikuwa na chombo cha jiwe kinachotoa maji kwa tundu dogo chini, kimoja kilikutwa kwenye mahekalu ya Karnak hukohuko Misri, cha enzi za Farao Amenhotep III, miaka kama 3,400 iliyopita. Basi tutengeneze chetu.

Chupa kubwa ya plastiki tuliikata kitako, tukaipindua, kizibo tukakitoboa kwa sindano, chini yake jagi linalopitisha mwanga lenye ukanda wa karatasi ubavuni. Yule mtoto nikampa saa yangu ya mkononi. Kazi yake kila dakika 10 kusema "piga!" na mwenzake apige mstari palipofikia maji. Alikaa na ile saa kiganjani kama ameshika yai. Tip, tip, tip, darasa zima kimya, sijawahi kupata ukimya ule kwa kuuomba.

Mstari wa 4 ulipopigwa ugomvi ukazuka kwamba mpiga mistari anadanganya, mbona inazidi kukaribiana na dakika ni zilezile 10? Nikawaacha wabishane, kisha nikawaambia waangalie chupa ya juu. Maji yakipungua msukumo nao unapungua, matone yanachelewa. Ndo maana chombo cha Wamisri kimepanuka juu na kubanwa chini. Binti mmoja muongeaji akasema si tuwe tunajaza chupa muda wote isishuke? Nilikuja kusoma baadaye kwamba mvumbuzi mmoja wa Kigiriki, Ctesibius wa Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia wazo hilohilo, tanki lisiloshuka kimo, na mimi siku ile nilimjibu tu "wazo zuri" nikaendelea, hadi leo inaniuma.

Saa 8 mchana tulirudisha maji juu, tukaanza upya. Mstari wa 6 ndo saa 9. Tumbo halikumshika. Akawa anasoma na jicho moja liko kwenye jagi.

Maji yakafika mstari wa 6. Wazazi wakaja, watoto wakaondoka mmoja mmoja, viti vikapandishwa juu ya madawati. Mama yake hakuonekana. Moyo wangu ndo ulianza kwenda mbio, maana nilikuwa nimemjengea mtoto kitu, na kitu chenyewe kimefika mwisho, na aliyesubiriwa hayupo. Nikafungua mdomo nimwambie usijali, nikaufunga.

Alikaa akiangalia lile jagi. Alafu akasimama, akamwaga tone lililobaki kwenye chupa ndani ya jagi, akaziba kizibo kwa kidole, akaniambia "Mwalimu, nisaidie kumimina." Nikamimina. Akaondoa kidole, matone yakaanza, akachukua kalamu akaandika juu ya karatasi "ya 2".

Tulikaa wawili tukiyasikiliza. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili, macho yake yakajaa kidogo lakini hakujikunja. Wa tatu ulikuwa umepita kidogo tu mama akaingia anahema, gari lilimharibikia njiani, anaomba radhi kwangu na kwa mtoto kwa pamoja. Mtoto akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye jagi, akaweka kidole juu ya karatasi palipolowana.

"Mama, wewe umekuja hapa."