Nilivyofika Las Vegas kucheza poka, na ushauri wa bure ulivyotaka kuniponza

Ukitaka kwenda kucheza mashindano ya poka nje ya nchi, tafadhali usimuulize mtu ambaye hajawahi kutoka mezani kwao. Mimi nilishauriwa na kila mtu, hadi wasiojua jozi ni nini, na karibu kila nilichoambiwa kilikuwa uongo wenye nia njema.

Tuanze na viza. Eti nisitaje poka ubalozini hata kwa bahati mbaya, niseme naenda kutalii, niseme nina binamu kule. Binamu yupi jamani? Ukidanganya kwenye usaili wa viza ya Marekani wakakubaini wanaweza kukufungia mlango maisha, na hapo hujacheza hata karata moja. Mimi nilisema kama ilivyo, naenda World Series of Poker, yale mashindano makubwa ya poka ya kila mwaka kule Las Vegas, ratiba hii, hoteli hii, barua ya likizo kazini hii hapa. Ofisa akaniuliza, kwani unacheza vizuri? Nikamwambia vizuri kiasi cha kutopoteza nauli ya kurudia. Akacheka, pasi akabaki nayo kuigonga viza. Shida yao wala sio poka, shida yao ni kama utarudi, sasa nyie mnaohangaika kuficha karata mnaacha kuandaa vitu vinavyoonesha mna cha kurudia.

Tiketi na hoteli mtajijua, ila bei ya chumba niliyoiona mtandaoni pale Las Vegas haikuwa bei, kulikuwa na ada ya hoteli waliyoongeza kila usiku utake usitake. Mimi iliniumiza roho.

Haya, pesa. Hapa ndo kuna kisa. Mmoja aliniambia ukibeba taslimu zaidi ya dola 10,000 wanakunyang'anya uwanja wa ndege. Sio kweli, unatakiwa tu uzitangaze kwenye fomu, ukificha ndo wanazichukua. Mwingine akaja na lake, cash ya nini zama hizi, we nenda na kadi. Mi hata hiyo elfu kumi sikuwa nayo kwa hiyo nikabeba kiasi cha kula na kulala, kiingilio chote nikakiacha kwenye kadi.

Nimefika kasino ya Horseshoe, ndo wanapochezea na kasino ya Paris ya jirani tangu 2022, nimejiandikisha, nimepata ile kadi ya uanachama wa kasino maana bila hiyo na pasi hawakuhudumii, nikasimama dirishani kifua mbele. Kadi ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Nyuma yangu foleni ya watu wamevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, wote wananitazama mimi. Nikapiga simu benki, muziki, asante kwa kusubiri, muziki tena, salio la simu linaungua dakika baada ya dakika, mwisho akapokea dada mmoja mpole sana.

"Kaka, mfumo unaonesha uko Marekani."
"Ndiyo dada, niko Marekani."
"Sawa, ndo maana imefungwa."
"Basi nifungulie."
"Halafu naona pia ni malipo ya kamari, hayo hayaruhusiwi. Kwa maelezo zaidi fika tawi lililo karibu nawe."

Tawi lililo karibu nami lilikuwa ng'ambo ya bahari! Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kwa hiyo kabla hujasafiri waulize benki yako neno kwa neno, malipo ya kasino yanapita au hayapiti, maana kuwaambia tu kwamba unasafiri hakutoshi, na uwe na njia ya pili.

Njia yangu mimi ilikuwa setilaiti. Kwa asiyejua, setilaiti ni mashindano madogo ambayo tuzo yake ni kiingilio cha makubwa. Kila mtu anapenda kuhadithia Chris Moneymaker, mwaka 2003 alianza na setilaiti ya dola 86 mtandaoni akaishia na dola milioni 2.5, lakini yeye aliingia ile kubwa kabisa ya dola 10,000, mimi nilikuwa nataka hizi za kawaida za dola elfu moja na kitu. Pale ukumbini kuna meza za setilaiti za watu kumi, unaweka mia na kitu, mshindi halipwi taslimu, anapewa vipande vya thamani ya dola 500 kila kimoja vya kulipia kiingilio.

Sasa akili niliyotumia, na hii najisifu. Wote waliniambia nilale mapema nizoee saa za kule. Sikuzoea na sikutaka. Mwili unaamka usiku wa manane, nikaugeuza kazi: alfajiri ndo nakaa kwenye setilaiti, wenzangu wametolewa mashindano ya mchana, wana hasira, wana bia, wanasukuma chipu zote na karata za ajabu ajabu ili tu wakalale. Mimi ndo kwanza nimeoga. Unatupa karata, unatupa, unasubiri wamalizane, blaindi (dau za lazima wanazoweka wachezaji wawili kabla ya karata) zikipanda ndo unaanza kuiba, yaani unapandisha ili wenzio watupe uzoe hizo blaindi. Nilipobaki na mzee mmoja tukakubaliana kugawana, mara nyingine nikazoa zote, kiingilio kikatimia na cha juu kikabaki.

Mashindano yenyewe sasa. Sheria someni jamani, zinalipa kuliko kublafu. Blaindi zilikuwa 200 na 400, mmoja kapandisha hadi 1,000, jamaa anayefuata, mikono minene na pete, akatupa chipu moja ya 5,000 kimya kimya. Alitaka kupandisha. Lakini sheria inasema ukiweka chipu moja kubwa bila kutamka, umefuata tu, yaani umelipa kile kile cha mwenzio. Dila, mgawa karata, akamrudishia 4,000, jamaa akabaki ameshika chenji kama mtu aliyenunua kiberiti kwa noti kubwa. Mimi niko blaindi kubwa, 400 zangu ziko mezani tayari, na nina jozi ya nane, kwa 5,000 nisingeziangalia mara mbili, kwa 600 za kuongeza nani anakataa? Karata tatu za mezani zikashuka na nane ndani, zangu zikawa tatu. Jamaa alikuwa na kingi mbili, akasukuma zote, nikamfuata huku moyo unadunda hadi naona shati linacheza. Angetamka neno moja tu!

Sweta bebeni. Nje kiangazi cha kule kinapita nyuzi 40, ndani AC inakugandisha. Na mapumziko yakianza kila mtu anakimbilia choo kimoja, tafuta mapema cha mbali upande wa maduka, utarudi kabla wenzio hawajafika mlangoni. Mezani wakati karata zinachezwa ni Kiingereza tu, jirani zangu wawili walionywa kwa kunong'ona Kireno.

Nikaingia kwenye pesa, yaani nafasi zinazolipwa, nikapanda ngazi kadhaa, nikatoka na ree na kingi dhidi ya jozi ya kumi, hakuna kilichokuja, sina kinyongo. Dola elfu saba na kitu. Halafu ndo dirishani ukakutana na kodi, Marekani inamkata mgeni asilimia 30 kama nchi yake haina mkataba wa kumsamehe. Muingereza pembeni yangu, kwao mkataba upo, kaandika namba yake ya kodi, kasaini, kaondoka na zake zote. Mimi nikapewa zilizonyolewa pamoja na karatasi ya kuonesha zimekatwa, na hiyo itunzeni pamoja na risiti zote za viingilio.

Mnaouliza kama nilipata faida, ukitoa nauli, hoteli na ile simu ya benki, hesabu hiyo sijaipiga na sina mpango wa kuipiga, ila benki nimeshahama na ratiba ya mwakani naisubiri.