Kisiwa cha mbali kwanza: safari yetu ya Cyclades, visiwa vya Ugiriki

Julai na Agosti bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Sisi watu wa Unguja tunaishi na kaskazi yetu kuanzia Desemba hadi Machi, kwa hiyo nilipomwambia mume wangu kwamba Wagiriki nao wana yao, tena inavuma katikati ya kiangazi, hakuniuliza kwa nini nilikuwa natazama ratiba za meli kabla ya hoteli. Tukachagua Septemba. Wakati huo upepo umeanza kupoa, maji bado yana joto, na sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15 Agosti, inayojaza meli kwa mahujaji wanaokwenda kisiwa cha Tinos na watu wanaorudi makwao visiwani, imeshapita.

Tulianza na kisiwa cha mbali, tukamaliza na cha karibu: Santorini, kisha Naxos, kisha Paros. Kutoka Piraeus, bandari kuu ya Athens, meli kubwa huchukua karibu muda wa saa nane kufika Santorini; Paros ni kama saa nne tu. Kwa hiyo kila siku za likizo zinapopungua, unazidi kuukaribia uwanja wa ndege.

Viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, tuliiomba mapema, tukapitia Istanbul, tukatua Athens jioni. Jioni hiyo niliitafuta makusudi. Meli kubwa za Cyclades huondoka mapema, yapata saa moja na nusu asubuhi, na metro kutoka uwanjani hadi Piraeus huchukua karibu saa nzima. Ukitua alfajiri, kuiwahi ni bahati yako. Tulilala karibu na bandari. Malango yake yana namba, na letu, E7, lilikuwa ng'ambo ya barabara mkabala na stesheni. Anayekwenda Mykonos, Tinos au Andros aitazame pia Rafina, bandari ndogo iliyo karibu zaidi na uwanja wa ndege.

Boti ya kasi ingetufikisha Santorini kwa muda wa saa tano hivi, lakini niliitaka meli. Nauli yake ni nafuu, na unakaa juu sitahani ukiviona visiwa vinakuja kimoja kimoja.

Tulipokaribia, abiria wote wa Santorini tuliitwa chini kwenye gereji ya magari. Tukasimama kati ya malori, masanduku yamepangwa kwenye rafu zenye majina ya visiwa, sakafu inatetemeka kwa injini. Mlango wa nyuma ukaanza kuteremka hata kabla meli haijatulia. Mwanga ukaingia, na mbele yetu likasimama jabali jekundu na jeusi, wima kama ukuta: ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na meli imeingia ndani ya shimo lake. Kushuka ni dakika chache tu, basi uwe na mzigo wako mkononi. Mabasi ya Fira, mji mkuu wa kisiwa, huwa yanasubiri hapo hapo gatini Athinios.

Meltemi tulikutana nayo Naxos. Kwetu bahari ikichafuka, mara nyingi wingu jeusi hutangulia. Huko anga lilikuwa buluu tupu, jua linawaka, na bahari nyeupe kwa mapovu mpaka upeo wa macho. Pale Portara, mlango wa marumaru wa hekalu la Apollo lililoachwa bila kumalizwa tangu karne ya 6 kabla ya Kristo, niliushika mtandio kwa mikono miwili. Askari wa bandari walizizuia boti za kasi. Hizo huzuiwa mapema kuliko meli kubwa. Meli yetu ilichelewa, ila ilikuja. Gatini alikuwepo binti mmoja mwenye tiketi ya boti na ndege ya usiku ule ule kutoka Athens, anapiga simu huku analia. Roho iliniuma. Jamani, boti na ndege ya kurudi nyumbani msiziweke siku moja.

Kutoka Naxos hadi Paros haifiki saa nzima. Huko tulipumzika tu, na meli ya kurudi nilikuwa nimeikata ya siku moja kabla ya ndege. Ilifika Piraeus kwa wakati wake, na ile siku ya akiba tukaitumia kupanda Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale cha Athens.