Uzoefu wangu wa kuhesabu simba-bahari wa Alaska kwa picha

Simba-bahari wa Steller walio magharibi ya longitudo 144 huko Alaska walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya miaka ya 1970 na 2000. Wenzao wa mashariki waliongezeka hadi Marekani ikawaondoa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 2013. Huwezi kuiona tofauti hiyo usipohesabu kwa namna ileile, mwaka baada ya mwaka.

Mimi huanza na watoto. Huzaliwa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Julai, na mwezi wa kwanza hawatoki nchi kavu hata mama zao wakienda kuvua. Kwa hiyo ndege ya kupiga picha hurushwa mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Ukiwahi, wengine hawajazaliwa. Ukichelewa, wameshaingia majini. Wakubwa nao hujaa miambani kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni.

Picha hupigwa kutoka juu kabisa, zikipishana kingo. Kwenye kompyuta nachora kwanza mpaka kati ya picha na picha, la sivyo mnyama mmoja atahesabiwa mara mbili. Kisha natia nukta juu ya kila mmoja: rangi moja ya watoto, nyingine ya wakubwa. Mtoto ana manyoya meusi, na mwamba uliolowa ni mweusi pia. Nikitilia shaka natazama picha inayofuata, maana jiwe haligeuzi kichwa. Mtu wa pili ahesabu picha zilezile bila kuona namba zangu.

Ukitaka makadirio ya kundi zima, zidisha watoto kwa 4.5. Mimi sipendi sana njia hii, kwa sababu uzazi ukishuka kiwango hicho nacho hubadilika.

Kamera nayo hudanganya. Picha za wima zilipochukua nafasi ya zile za ubavuni mwaka 2004, hesabu ya wakubwa ilipanda kwa karibu asilimia 4 bila mnyama hata mmoja kuongezeka. Lazima urekebishe kabla ya kulinganisha na miaka ya nyuma.

Ukungu wa visiwa vya Aleutian, huko Alaska, ukifunika kisiwa, usiandike sifuri. Acha pengo, modeli ya takwimu ilijaze kwa mwenendo wa kisiwa hichohicho. Na usijumlishe Alaska nzima: magharibi ya Samalga Pass, mlango-bahari ulio kati ya visiwa hivyo vya Aleutian, wanaendelea kupungua huku mashariki yake wakiongezeka, na jumla moja huyaficha yote mawili.