Rayquaza mweusi kwa skripti: njia iliyonifaa kwenye Emerald

Rayquaza ni Pokémon, kiumbe wa kukamatwa ndani ya gemu, na wa kawaida ni wa kijani. Yule adimu, ambaye wachezaji tunamwita shaini, ni mweusi, na katika Pokémon Emerald, gemu ya Game Boy Advance, nafasi ya kukutana naye ni 1 kati ya 8192. Mimi ninaye, na sikumtafuta kwa kidole bali kwa skripti, programu fupi inayobonyeza vitufe badala yangu. Najivunia hasa ile njia, maana ushauri unaozagaa kuhusu jambo hili unawapotezea watu usiku mzima.

Ushauri wenyewe ni huu: hifadhi gemu mbele ya Rayquaza kileleni pa mnara wa Sky Pillar, andika skripti ya kuwasha upya na kubonyeza A, kisha nenda kalale. Kwenye Emerald hiyo ni kazi bure. Kila inapowashwa, gemu hii huanza kuhesabu namba zake za bahati nasibu kutoka 0, halafu husogea hatua moja kwa kila fremu (picha moja ya skrini), karibu hatua 60 kwa sekunde. Kidole cha mtu huchelewa au kuwahi kidogo, kwa hiyo huangukia namba tofauti. Skripti haikosei: inabonyeza A kwenye fremu ileile, inapata namba ileile, inakuletea Rayquaza yuleyule wa kijani hata ukiiacha wiki nzima. Wengine wanasema ongeza kusubiri kwa nasibu, fremu 0 hadi 60. Hapo una Rayquaza 61 tu wa kuchagua, basi, baada ya hapo wanajirudia.

Dawa ni kuisogeza hali iliyohifadhiwa, yaani nakala ya gemu nzima ilivyo wakati huo. Natumia emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu kwenye kompyuta) ya mGBA, toleo la 0.10 au jipya zaidi, kwa kuwa inakubali skripti za lugha ya Lua, pamoja na nakala ya kadi yangu mwenyewe ya gemu. Nasimama mbele ya Rayquaza, nahifadhi hali kwenye nafasi ya 1. Kila jaribio skripti inapakia nafasi ya 1, inaacha fremu moja tu ipite, inahifadhi tena palepale kwenye nafasi ya 1, ndipo inabonyeza A. Hali inasonga fremu moja kila mara, hakuna namba inayorudiwa, na hakuna kusubiri kunakorefuka. Kaunta ikae ndani ya Lua, kwa sababu chochote kilichomo kwenye kumbukumbu ya gemu hurudi nyuma unapopakia hali.

Usipime rangi kwenye skrini. Soma kumbukumbu. Kwenye toleo la Kiingereza la Marekani, adui, yaani Pokémon unayepambana naye, yuko kwenye anwani ya kumbukumbu 0x02024744: baiti 4 za kwanza ni namba yake binafsi, 4 zinazofuata ni namba ya mchezaji, ile inayoonekana pamoja na ya siri. Gawa kila moja vipande viwili vya biti 16, vipitishe vyote vinne kwenye XOR, hesabu inayolinganisha biti moja moja. Jibu likiwa chini ya 8, ni shaini. Matoleo ya lugha nyingine yana anwani tofauti.

Panapowakwaza wengi ni hapa: baada ya A, Rayquaza hulia kwanza, na mpaka amalize, anwani ile bado ina adui wa pambano lililopita. Ukisoma mapema utapima mnyama wa zamani mara elfu. Kumbuka thamani iliyokuwepo kabla ya A, usipime mpaka ibadilike.

Zima usawazishaji wa sauti na wa video, kisha wacha emuleta ikimbie. Usidhani majaribio 8192 yanatosha kwa hakika. Ukifika hapo bado kuna karibu asilimia 37 ya kutompata.

Akipatikana, skripti ihifadhi hali kwenye nafasi ya 2 na isimame kabisa, isije ikaendelea kubonyeza A na kumshambulia. Mpige Master Ball, mpira usiokosa kukamata, kisha hifadhi kwa menyu ya gemu yenyewe, maana hali ya emuleta haihami kwenda kwenye kadi.