Bado haijasema

Jumanne, kipindi cha tatu. Leo ni Ijumaa usiku na mimi bado niko palepale, nimeinama kando ya dawati la yule kijana wa dirishani (mwanafunzi wangu, yule mtafuna kifutio), namtazama anavyoandika.

Swali lilikuwa robo jumlisha nusu. Alianza kwenye karatasi, taratibu, 2/8 jumlisha 4/8, akapata 6/8. Kisha akaliingiza jibu kwenye kishikwambi kwa kidole kimoja, kila tarakimu akiigusa kama mtu anayepima joto la pasi. Akabonyeza "tuma". Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Umepata," nikamwambia.

"Bado haijasema, mwalimu."

"Mimi si nimeshasema?"

"Ndiyo, mwalimu." Kimya kidogo. "Ila yenyewe bado haijasema."

Angenijibu kwa ufidhuli ningelala usingizi wangu vizuri tu. Alinijibu kwa upole, upole ule wa mtoto anayemwambia mgeni asubiri kidogo, mwenye nyumba anakuja.

Tukasubiri wote wawili. Vishikwambi 23, watoto wawili wawili, na ruta moja, kile kisanduku cha kurusha intaneti, iliyonunuliwa kwa ajili ya ofisi, sasa inatuhudumia kupitia ukuta. Vifaa vyote hivyo vinagombea masafa yaleyale ya mawimbi na kila kimoja lazima kingoje mwenzake amalize ndipo naye aseme, kwa hiyo darasa zima likibonyeza "tuma" kwa pamoja, linaganda. Dakika 14 za mwanzo zilikuwa zimeshaliwa na nywila. Kati ya herufi kubwa na herufi ndogo, nawaambieni, kuna watoto wamezeekea pale.

Kisha jibu likaja. Jekundu. Kosa.

Akafuta kwenye kioo. Halafu, na hapa ndipo paliponiuma, akachukua kile kifutio chake akafuta na kwenye karatasi. Nikamwambia acha, 6/8 na 3/4 ni kitu kilekile, hukukosea. "Ndiyo, mwalimu," huku mkono unaendelea kufuta.

Mengine ya wiki hii: dada amejifungua salama, wa kike hatimaye, na mkuu wetu ameagwa rasmi, hotuba nne, mimi nikiwa nimekaa safu ya pili namjibu mtoto kichwani.

Maana nimeshamjibu kwa kila namna. Nikiwa naosha vyombo nimemwambia mashine haijui hesabu, inalinganisha tu alama na alama. Nikiwa njiani nimemwambia mimi nimefundisha hesabu za sehemu miaka 16 na hicho kioo kina miezi mitatu. Jumatano usiku nilimjibu kwa sauti, mwenzangu akaniuliza naongea na nani.

Na aibu yenyewe ni kwamba vifaa hivi nilivipigania mimi. Mwalimu wa historia chake bado kipo kabatini na ile karatasi ya nailoni juu ya kioo, na kila akiniona nahangaika na nyaya huniuliza habari za kazi kwa sauti ninayoijua maana yake.

Kwa kukosa usingizi nikaanza kusoma. Mwaka 1953, B. F. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alikwenda kukaa katika darasa la hesabu la binti yake. Kilichomkera si mwalimu mbaya. Aliona waliomaliza wamekaa bure, waliokwama wamekwama, na wote hawatajua kama wamepata au wamekosa mpaka mwalimu aende asahihishe, arudi kesho. Akatengeneza kisanduku. Mtoto anapanga tarakimu za jibu lake, kisha anazungusha kitufe kama cha redio. Jibu likiwa sahihi, kitufe kinazunguka. Likiwa si sahihi, kinagoma. Basi. Hakuna uso, hakuna sauti ya mtu.

Nilikaa na hicho kitufe kinachogoma muda mrefu.

Halafu nikafungua programu yetu nione ni nani hasa aliyekataa 6/8. Nikapita kwenye mpangilio wa zoezi, swali la 4. Pana kisanduku cha jibu, na chini yake kingine kidogo, cha majibu mengine yanayokubalika. Cha juu kimeandikwa 3/4. Cha chini kitupu. Na zoezi lile hakulitunga mtu wa mbali, nililitunga mimi, Jumapili usiku, nikiwa nasinzia. Sikujua hata kama kile cha chini kipo. Semina yetu ilikuwa ya mchana mmoja, tukafundishwa kuwasha, kuzima, na kutoshika kioo kwa mikono yenye maji. Lakini siwezi kuisukumia semina kila kitu. Kisanduku kilikuwa pale, ningeshusha macho kidogo ningekiona.

Kwa hiyo "yenyewe" alikuwa mimi. Mtoto alikuwa na mimi wawili, mmoja kainama kando yake anasema umepata, mwingine yuko ndani ya kioo anasema umekosa, na akamwamini wa ndani.

Nilicheka, kweli. Peke yangu sebuleni. Nikajaza 6/8, nikaongeza na 0.75, nikasema yamekwisha.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikukiandika hapo juu, na sikukiandika makusudi. Mazungumzo hayakuishia pale. Kiduara kikiwa bado kinazunguka nilimuuliza, kwa utani, au nilidhani ni utani: "Kwani mimi huniamini?" Akafikiri. Watoto wachache hufikiri kabla ya kujibu swali kama hilo. Akasema, "Mwalimu huwa anasema 'vizuri' kwa kila mtu."

Siku tatu nimekuwa nikiiruka sentensi hiyo. Nakwenda mpaka "bado haijasema" narudi nyuma.

Alhamisi nikabaki baada ya kengele na madaftari ya muhula uliopita. Wako 46, zoezi lina maswali 10, hayo ni majibu 460 kwa mtu mmoja mwenye kalamu moja nyekundu, na ndiyo sababu nilivitaka vile vifaa tangu mwanzo. Nikalitafuta daftari lake. Ukurasa wa kati, robo jumlisha nusu, swali lilelile, mimi huwa sibadilishi sana. Ameandika 2/6. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kosa la kwanza kabisa ambalo kila mwalimu wa sehemu analitarajia. Na juu yake iko vema yangu, kubwa, imelala kwa mwendo wa mkono uliochoka, mkia wake umeshuka mpaka swali linalofuata. Pembeni: "Vizuri!"

Ina maana muda wote huu kuna mahali alijirekebisha mwenyewe. Kutoka 2/6 yenye vema yangu mpaka 6/8. Nani alimwambia? Sijui. Mimi siye.

Leo asubuhi nikampelekea daftari dirishani, nikamwonyesha. Nikasema, hapa nilikosea mimi, hii haikuwa sahihi. Akaitazama ile vema kwa makini.

"Nifute?"

"Usifute."

Akachukua penseli, akaandika 6/8 pembeni ya 2/6, ndogo sana, chini ya neno langu. Akanirudishia daftari na kusubiri, na mimi, kwa mara ya kwanza nadhani, nikajumlisha kwanza kichwani ndipo nikasema.

Mama amenipigia mara mbili jioni hii, akakata kabla sijapokea. Nilipompigia akasema hakuna kitu, alibonyeza bahati mbaya. Mara mbili? Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala, saa kumi na mbili jioni, Mama ambaye mchana halali. Nimemwomba dada asimweleze chochote cha mtoto kulia usiku. Kesho nitapiga tena mapema, kabla hajatoka, kama anatoka.